Asiyekuwapo na Lake Lipo

Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo. Katika mgawo wa nyama methali hii ina haki yake. Aliyechelewa na alaumu miguu yake. Lakini nimeiona ikihamia mahali isikostahili, yaani katika hesabu za watu walio hai na waliokufa. Nataka kugombana nayo hapa, na nigombane vilevile na namna vyuo vikuu vyetu vinavyolifundisha somo moja dogo lenye uzito mkubwa: takwimu za muda wa uhai.

Msomaji asishtushwe na jina. Somo lenyewe lina swali moja tu, nalo halina ugeni kwa mtu yeyote wa Nachingwea: itachukua muda gani kabla jambo fulani halijatokea? Mche wa mkorosho utakaa miaka mingapi kabla ya kuzaa? Mgonjwa aliyeanza dawa leo ataishi muda gani? John Graunt alianza kulichokonoa swali hili mwaka 1662 kwa kutumia orodha za vifo za London. Mwaka 1693 Edmond Halley, yule mnajimu wa nyota yenye mkia, alichapisha jedwali la uhai la watu wa mji wa Breslau. Mwaka 1958 Wamarekani wawili, Edward Kaplan na Paul Meier, walitoa njia ambayo hadi leo hutumika kila penye utafiti wa tiba, na mwaka 1972 Mwingereza David Cox akaonyesha jinsi ya kupima mchango wa umri, dawa na mambo mengine katika kasi ya watu kufa au kupona. Haya ndiyo ambayo mwanafunzi hukutana nayo katika muhula wake wa kwanza wa somo hili.

Kinachotofautisha somo hili na takwimu nyingine ni watu ambao mwisho wao haujulikani. Ukipima urefu wa wanafunzi darasani, kila mmoja ana urefu wake, unaandika basi. Ukipima muda wa kuishi, lazima ungoje, na wakati unangoja wengine hutoweka machoni pako. Mtu alikuja kliniki miezi minne, wa tano hakuonekana. Je, amekufa? Amehama? Amechoka? Daftari halisemi. Wataalamu husema habari yake imekatika. Ufundi wa somo zima umejengwa juu ya mtu huyo.

Tuchukue mfano wa kubuni, mdogo wa kuhesabika kwa vidole. Watu 10 wameanza dawa siku moja. Mwezi wa 2 mmoja anafariki. Mwezi wa 4 wawili hawaonekani tena. Mwezi wa 6 mmoja anafariki. Mwezi wa 9 mmoja haonekani tena. Mwezi wa 10 mmoja anafariki. Mwaka unapotimia, watu wanne wangali wanakuja kliniki kwa miguu yao. Sasa tuambie: katika kila watu 100 wanaoanza dawa hii, wangapi watamaliza mwaka wakiwa hai?

Karani mvivu atawafuta wale watatu waliopotea. Atabaki na 7, na kwa kuwa 4 wako hai, atasema asilimia 57. Mkubwa anayetaka kusifiwa atawahesabu waliopotea kuwa ni wazima, aseme asilimia 70. Mwenye kukata tamaa atawazika wote watatu, aseme asilimia 40. Kaplan na Meier wanakwenda hatua kwa hatua. Kabla ya kifo cha mwezi wa 2 walikuwapo 10, wakavuka 9. Kabla ya kifo cha mwezi wa 6 walikuwapo 7, wakavuka 6. Kabla ya kifo cha mwezi wa 10 walikuwapo 5, wakavuka 4. Zidisha sehemu hizo tatu, unapata asilimia 62 hivi. Kila aliyepotea amehesabiwa kwa miezi yote aliyoonekana hai, kisha akaachwa kwa heshima pale tulipoacha kumjua.

Daftari ni moja, watu ni walewale, na majibu ni manne. Mtu akiniuliza kwa nini raia wa kawaida ajishughulishe na somo la chuo kikuu, namwonyesha majibu hayo manne. Atakayechagua mojawapo ndiye atakayesema kama kliniki inafaa kuongezewa fedha au kufungwa.

Hadi hapo sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu unaanzia kwenye sharti lililojificha ndani ya ile asilimia 62. Njia ya Kaplan na Meier husema kweli ikiwa tu waliopotea wako katika hatari ileile ya kufa kama waliobaki. Kitabu hulitaja sharti hili kwa sentensi moja. Mhadhiri huisoma sentensi hiyo, mwanafunzi huinakili, kisha wote wawili hukimbilia fomula, na baada ya fomula hukimbilia kompyuta. Katika mtihani hakuna anayeulizwa: waliopotea walipotea kwa nini?

Nimefundisha takwimu kwa miaka mingi kabla ya kurudi kukaa Nachingwea, na nadhani najua chanzo cha haraka hii. Chanzo ni mifano tunayoazima. Mfano unaofundishwa karibu kila mahali duniani ni wa wagonjwa 42 wa saratani ya damu nchini Marekani, matokeo yao yalichapishwa mwaka 1963, na Cox mwenyewe akautumia katika makala yake ya mwaka 1972. Wagonjwa 21 walipewa dawa na 21 hawakupewa. Wale wasiopewa dawa, ugonjwa uliwarudia wote. Waliopewa, uliwarudia 9, na habari za 12 zilikatika. Zilikatika kwa nini? Kwa sababu utafiti ulifungwa wakati wao wangali wazima. Kukatika huko hakuna hatia. Mtafiti alifunga daftari lake. Mgonjwa hakwenda popote.

Mfano huo ni mzuri, wala sisemi utupwe. Lakini mwanafunzi akianza nao, na akaendelea na mingine ya aina hiyo, hujengeka kichwani mwake imani kwamba habari hukatika kwa bahati, kama vile mvua inavyokatisha mechi ya mpira. Kisha huhitimu, huajiriwa, hupelekwa wilayani, hupewa daftari la kliniki ya dawa za UKIMWI, naye huitumia imani ileile.

Sasa tulitazame daftari hilo. Dawa za ARV zilianza kutolewa bure na serikali yetu mwaka 2004, na kliniki za tiba na matunzo, ambazo kila mtu huziita CTC, zimeenea nchi nzima. Mwenye kadi anatakiwa aende tarehe aliyopangiwa. Katika wilaya kama Nachingwea na Ruangwa, nani hushindwa kwenda? Hushindwa yule anayekaa mbali na asiye na nauli ya pikipiki. Hushindwa yule aliyehamia shambani msimu wa mvua, analala kwenye dungu akilinda mahindi yake dhidi ya nguruwe pori, kwani akiondoka siku mbili hana tena chakula cha mwaka. Hushindwa yule aliyezidiwa, asiyeweza kukaa juu ya baiskeli. Hushindwa yule aliyekwisha kufa kijijini akazikwa, na ndugu zake hawakuona sababu ya kusafiri kwenda kutoa taarifa. Tena yupo aliyehamia Masasi au Mtwara, anameza dawa zake huko na afya yake njema. Wote hawa daftarini wanaandikwa neno moja. Niliwahi kumwuliza mhudumu mmoja kuhusu mstari mrefu wa majina yaliyowekewa alama, akanijibu kwa upole, “Mwalimu, hao ni watoro.”

Watoro! Neno la shuleni, la mtoto aliyekimbia namba. Maiti naye ni mtoro? Simlaumu mhudumu yule, neno alilikuta. Nalaumu elimu inayolipokea neno kama hilo, ikaligeuza kuwa alama ndogo juu ya mchoro, ikasema habari imekatika, tuendelee.

Kwamba umbali ni jambo la kufa na kupona katika wilaya hizi si maneno yangu. Mwaka 2007 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika wilaya tano za kusini, Nachingwea na Ruangwa zikiwamo, kaya zipatazo 226,000. Uchambuzi wa hesabu ile, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba walikufa akina mama 712 kwa sababu za uzazi kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kwa waliokaa ndani ya kilomita 5 kutoka hospitali, kiwango kilikuwa 664. Kwa waliokaa zaidi ya kilomita 35, kilikuwa 1,111. Msomaji azingatie jinsi habari hii ilivyopatikana. Watafiti hawakungoja hospitalini. Walibisha hodi. Daftari la hospitali peke yake lisingeweza kamwe kuhesabu vifo vya wale ambao hawakufika hospitali.

Basi unganisha mambo hayo mawili. Umbali uleule unaomfanya mtu awe karibu zaidi na kifo ndio unaomfanya apotee daftarini. Hapo sharti la Kaplan na Meier limevunjika. Turudi kwa watu wetu 10. Ikiwa wale watatu waliopotea wote walihamia kliniki nyingine na kutimiza mwaka, jibu la kweli ni asilimia 70. Ikiwa wawili kati yao walifia nyumbani kabla ya mwaka kwisha, jibu la kweli ni 50. Ikiwa walikufa wote, ni 40. Ile asilimia 62, pamoja na mchoro wake mzuri wa ngazi zinazoshuka, haikujua lolote kati ya haya. Kompyuta hata ikiwa ya bei gani haitakwambia. Atakayekwambia ni mtu aliyepanda pikipiki akaenda Kilimarondo kuuliza.

Jirani zetu walikwisha kuonyesha kwamba jambo hili linawezekana. Huko Mbarara, magharibi mwa Uganda, watafiti walipiga kura miongoni mwa mamia ya wagonjwa wa kliniki ya ARV waliopotea, wakapata zaidi kidogo ya 100, kisha wakamtuma mtu vijijini kuwatafuta. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Kati ya wale ambao habari zao zilipatikana, zaidi ya robo walikuwa wamekwisha kufa. Wengi wa waliokuwa hai walikuwa wanatibiwa mahali pengine. Na walioulizwa sababu ya kuacha kliniki ya kwanza, jibu lililojirudia ni usafiri na nauli. Habari hizo zilipotiwa katika hesabu, kiwango cha vifo kilipanda mara kadhaa juu ya kile kilichosomwa daftarini. Kliniki ilidhani inawapoteza wachache, kumbe ilikuwa inawazika bila kujua.

Angalia pia uzuri wa kura. Hakuna haja ya kuwasaka wote. Ikiwa wamepotea 100 na unazo fedha za kuwatafuta 20, piga kura ya haki, watafute hao 20 kwa bidii zote, na kila mmoja wao atasimama badala ya watu 5. Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa kalamu. Gharama yake ni petroli, posho ya mtafutaji, na unyenyekevu wa kukubali kwamba daftari halijui kila kitu.

Nayajua majibu ya wahadhiri wenzangu, kwani nimeyasikia katika vikao vingi. La kwanza ni kwamba muhula ni mfupi. Hisabati yenyewe haitoshi, sembuse hadithi za nauli na dungu. Nami nauliza: hisabati hiyo ni ya nini? Mwanafunzi akishindwa kuthibitisha fomula ya Cox, ataitafuta kitabuni na kuikuta. Akishindwa kuuliza kwa nini watu wamepotea, hakuna kitabu kitakachomkumbusha, na hesabu yake yenye makosa itapelekwa wizarani ikiwa na muhuri. Kati ya hasara hizo mbili, ipi kubwa?

La pili ni kwamba kutafuta watu ni kazi ya wauguzi na wahudumu wa jamii, si ya mwanatakwimu. Ni kweli, hatutaki mwanafunzi wa takwimu avae koti jeupe. Lakini anayejenga nyumba hawezi kusema udongo wa msingi si kazi yake. Mwanatakwimu ndiye anayejua ni habari gani ikikosekana jibu linaharibika. Asiposema yeye, muguzi atajuaje kwamba lile jina moja la Kilimarondo lina uzito kuliko majina 20 ya mjini?

La tatu ni zito, nami nalipokea kwa heshima. Wanasema kumfuata mgonjwa wa UKIMWI nyumbani kwake ni kutangaza siri yake. Pikipiki ya kliniki ikisimama mlangoni, kijiji kizima kitajua. Hoja hii haipingiki, na yeyote anayeipuuza asikabidhiwe daftari. Ila haidai tuache kutafuta. Inadai tutafute kwa adabu. Mgonjwa aulizwe siku ya kwanza: usipoonekana, tukutafuteje, na kwa kupitia nani? Atakayekataa aachwe. Anayetumwa awe ni mtu wa kliniki aliyekula kiapo cha kutunza siri, asiwe mwanafunzi. Mwanafunzi apewe daftari lisilo na majina. Heshima ya namna hiyo ni kubwa kuliko ile ya kumwita mtu mtoro na kufunga ukurasa.

Watu wa Nachingwea tuna sababu ya kuwa wakali katika jambo hili, maana tumewahi kuhesabiwa kutoka mbali. Mwaka 1946 ujumbe ulioongozwa na John Wakefield ulizunguka Tanganyika kwa wiki 9, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Karanga, Kongwa kwanza, halafu Urambo na hapa kwetu. Yaliletwa matrekta, ikajengwa reli kutoka pwani. Januari 1951 Serikali ya Uingereza iliuacha mpango huo baada ya pauni milioni 36 hivi kupotea, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli yenyewe iling'olewa. Haukuwa uhaba wa watu wajuao kuzidisha na kugawanya. Palikosekana mtu wa kuuliza mahali penyewe: mvua hunyesha vipi, udongo ukikauka huwaje, mizizi ya miti hii ina nguvu gani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Somo la takwimu lisilouliza kwa nini watu wamepotea linafuata njia ileile, tofauti ni kwamba safari hii kinachopotea si karanga.

Kwa hiyo nasema wazi ninachokitaka. Wiki ya kwanza ya somo hili, katika kila chuo kikuu chetu, mwanafunzi awekewe mezani daftari la kliniki ya hapa nchini lililofutwa majina, kabla hajaona fomula yoyote. Ahesabu kwa kalamu, apate majibu yake manne, ashangae. Kisha aandike, kwa kila habari iliyokatika, sababu zote zinazoweza kuikata mahali pale, na aseme ni zipi zinazofuatana na kifo. Wale wagonjwa 42 wa Marekani waje baadaye, nao watafahamika vizuri zaidi kwa sababu mwanafunzi ataona jinsi walivyokuwa na bahati ya kukatika kwa usalama. Katika mtihani, swali la kwa nini walipotea lipate alama sawa na swali la kukokotoa. Na hakuna tasnifu ipitishwe yenye mchoro wa uhai ambao chini yake hapakuandikwa wangapi walipotea na wangapi walitafutwa.

Haya hayahitaji mfadhili wala semina ya hoteli. Yanahitaji mhadhiri akubali kutumia wiki mbili kati ya 15 kuzungumza habari za watu wasiokuwapo. Atakayeniambia wiki hizo ni nyingi mno, na aje kliniki yoyote ya huku siku ya kadi, akae benchini tangu asubuhi, asikilize majina yanayoitwa na yasiyoitikiwa. Kila jina lisiloitikiwa lina mwenyewe, na mwenyewe yuko mahali fulani, juu ya ardhi au chini yake. Hesabu ambayo haikuuliza ni wapi, isiitwe hesabu ya uhai.